Upande Mzito wa Endara

Juzi tulimzika Mama Masika kule Beni, na mimi niliufikia msiba wake nikiwa nimelala. Sifanyi mzaha. Nilichukua kiti chote cha nyuma cha taksi, nikabishana na dereva hadi akachoka yeye kabla yangu, nikajinyoosha pale kama gunia la maharage, na kutoka Butembo hadi Beni nikahesabu mashimo ya barabara kwa mgongo. Wakati wa kurudi nikayahesabu tena. Hesabu hazikulingana, wala sikushangaa: kuna siku mgongo unahesabu hata mashimo ambayo hayapo. Msibani walikuwa wameshatandika endara uani. Wakaniletea kiti cha plastiki, nikakikataa. Nikaketi chini, mgongo ukutani, mguu wa kulia nimeunyoosha, kiuno nimekifunga kwa mkanda wangu wa mpira wa gurudumu, nikapiga upande mzito, ule ninaoupiga siku zote. Mwalimu mmoja aliyetumwa huku kutoka Kasai, mpangaji wa jirani, alinitazama muda mrefu, kisha akainama. "Papa Kakule, juu ya nini unapigaka tu ule upande ya mbao kubwa-kubwa? Banasema ni weye ulizitengeneza zote." Nikamwambia, mgongo. Ni jibu zuri, tena lina faida ya kuwa kweli. Lakini Mama Masika alikuwa hatua saba kutoka pale, ndani ya sanduku lake, na niliona aibu kusema nusu ya jambo mbele yake. Nusu nyingine ni mwaka mmoja, na mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Endara ni marimba yetu kubwa. Vigogo viwili vya mgomba vinalazwa chini sambamba, na juu yake zinapangwa mbao. Zetu zilikuwa kumi na sita, kuanzia ile ndefu kama mguu wa mtu mzima hadi ile fupi inayoingia mfukoni ukiilazimisha. Wapigaji wanakaa pande mbili, wanatazamana. Mgomba mbichi ndio unaoifanya mbao iseme: una maji, ni laini, unaiachia mbao itetemeke. Mkimaliza kupiga, mbao zinakusanywa na kuwekwa pakavu, vigogo vinatupwa, kwa kuwa baada ya siku chache vitakuwa vimeoza. Mimi nilikuwa upande mwepesi, ule wa kukimbia, mikono inatoka mwanzo hadi mwisho na kiuno kinageuka kama cha mwanamke anayepepeta mpunga. Kasereka alikuwa upande mzito. Mbao nne, mara nyingine tano, mahali pamoja, bila haraka, kama mwenye duka asiyetoka nyuma ya meza yake. Kwetu Kasereka ni jina la mtoto wa kiume wa tatu, Kakule ni la wa nne, kwa hiyo watu wa mtaa wetu wa Bulengera walituhesabu wakasema hao ni wa mama mmoja. Hatukuwa. Yeye alikuwa mwana wa Mzee Mbusa, fundi wa endara, na wa Mama Masika. Mimi nilikuja kujifunza kwa majuma mawili nikabaki.

Mgongo niliuvunja mwenyewe, kwa ujanja. Nilikuwa nasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, nikiteremsha viazi kutoka Vuhovi. Siku hiyo kulikuwa na mzigo wa safari mbili. Nikabishana na mwenye mzigo hadi akakubali niuteremshe kwa safari moja, nikajiona nimemshinda. Kwenye mteremko chukudu ikakumbuka kwamba imebeba safari mbili. Nilijitupa nyuma kuizuia, na kitu kikalia chini ya kiuno changu, sauti ndogo, kavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Niliisikia kabla ya kuumwa. Muuguzi wa dispensaire alinichoma sindano, akasema nilale juu ya kitu kigumu. Nyumbani kwa Mzee Mbusa kitu kigumu chenye urefu wangu kilikuwa kimoja tu, mlango wa chumba changu. Wakaung'oa, wakaulaza juu ya matofali, wakatundika kitenge cha Mama Masika mahali pake. Basi mwaka ule nililala juu ya mlango, katika chumba kisicho na mlango, na hakuna neno lililosemwa uani lisiloingia.

Niliyasikia mengi. Wanawake waliokuja kutwanga sombe, majani ya mihogo, walinizungumzia kana kwamba kitenge ni ukuta wa matofali. "Ule Kakule, ataoa je sasa?" "Atatafuta muke mwenye kupenda kulala." "Ah, hao ni bengi!" Na kinu kilisimama, kwa kuwa huwezi kutwanga huku unacheka hivyo. Kasereka aliingia na sahani ya bugali na ndakala, akalala chini kifudifudi kando ya mlango wangu, apate kula kama mimi ninavyokula, vidole na ndevu ndani ya mchuzi. Alihesabu samaki kwa sauti. "Kumi na moja. Weye sita ju uko mugonjwa, miye tano." "Hesabu tena," nikamwambia. Akahesabu tena, wakawa kumi. Alikuwa amemla mmoja kati ya hesabu mbili. Sikumwona akitafuna, na hadi leo sijui alifanyaje. Watu wa soko wananicheka kwamba Kakule anahesabu kila kitu mara mbili. Nilianzia pale, sakafuni.

Mzee Mbusa hakupenda mtu wa kulala bure. Juma la pili alikuja na mbao mbili na kisu. "Mugongo inalala. Mikono inalalaka pia?" Tezo sikuiweza, kwa kuwa tezo inataka kiuno. Lakini kazi ya mwisho, ya kuipa mbao sauti yake, inafanywa kwa kisu: ukiinyoa tumboni katikati, sauti inashuka, ukiinyoa ncha, inapanda. Nililala kifudifudi, kifua juu ya gunia la pumba, nikanyoa, nikagonga, nikasikiliza, nikanyoa. Mgongo ulinipa muda wa kuchoma kiazi kimoja. Baada ya hapo maumivu yalipanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno, jasho likaniingia machoni, na mbao yoyote uliyonigongea ingesikika mbovu. Nikaanza kupatana na mgongo kama ninavyopatana na mwenye mzigo. Nipe mbao hii nzima. Ukasema, nusu. Nikasema, nusu na ncha moja. Ukanyamaza, na ukimya wa mwenye bei ni ruhusa, nikaendelea mpaka ukanipiga. Hiyo ndiyo biashara ndefu kuliko zote nilizofanya, na mpaka leo hakuna hata mmoja wetu aliyetaja bei ya mwisho. Lakini mbao za mwaka ule ni nzuri. Nasema bila kujisifu. Mtu aliyelala anasikia vitu ambavyo mtu aliyesimama anavipita.

Kisha mbao kubwa kuliko zote, mama wa upande mzito, ikapasuka. Mti unaofaa ulikuwa Mangina kwa shemeji wa Mzee Mbusa, gogo alilokuwa amelikausha juu ya moshi wa jiko lake miaka miwili. Shemeji huyo alikuwa mgumu, na mimi ndiye mbishani wa nyumba. Nilikuwa nimeshaanza kutembea, polepole, nimejifunga mpira kiunoni. Ikaamuliwa niende mimi. Gogo lingerudi kwa motari wa pikipiki. Asubuhi ya kwenda niliamka, nikasema niko na mugongo leo. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Kasereka aliinua kitenge, akanitazama. "Weye na hiyo mugongo, muoane tu. Bon, lala. Nitaenda miye." Nikamwambia asikubali bei ya kwanza. "Bei gani? Ni shemeji." "Hata shemeji." Akacheka, kitenge kikashuka.

Alifika Mangina, hilo tulilijua. Shemeji alisema alikula ndizi za makemba, akakataa bei ya kwanza, akakataa ya pili, akapewa gogo bure kwa sababu alikuwa anachekesha. Barabara siku hiyo ilikuwa na watu wenye silaha, pikipiki zikasimama, akalifunga gogo kwa kamba, akapita kwa miguu katikati ya mashamba ya kahawa. Baada ya mashamba hakuna aliyemwona. Si yeye, si gogo, si kamba. Mzee Mbusa alienda mara mbili kuuliza, akarudi mara mbili na viatu vyenye tope la rangi ileile. Mimi nililala juu ya mlango wangu na nikawa namsikia. Simaanishi kivuli wala sauti inayoita jina. Nilisikia upande mzito. Nikinyoa mbao, ulikuwa chini ya kisu. Mama Masika akitwanga, ulikuwa chini ya kinu. Nikigeuka na maumivu yakapiga, yalipiga kwa mwendo wake, taratibu, mahali pamoja. Na katikati ya kupiga kulikuwa na swali ambalo sijawahi kupata mtu wa kulinunua: asubuhi ile, mgongo uliniuma kweli? Uliniuma, kwa kuwa uliniuma kila asubuhi. Lakini uliniuma zaidi ya jana yake, siku niliyozunguka ua mara nane? Nimeuhesabu ule uchungu mara mbili, mara mia mbili. Haufiki mara zote kiasi kilekile.

Mama Masika aliendelea kumwekea sahani, aliifunika kwa sahani nyingine na asubuhi akawapa kuku. Alisema, "Nina batoto batano," Kasereka akiwa mmoja wao, na ukimtazama kwa namna fulani alisema, "Hesabu." Mwezi wa nane tangu apotee, baba mkubwa, kaka yake Mzee Mbusa, alikuja kukaa uani, na nikasikia kila kitu.

"Miezi nane, Mbusa. Mutu anatembea miezi nane, ni njia gani hiyo?"

"Mama yake hapana kubali."

"Huyu mutoto hana kaburi. Anazunguka-zunguka tu. Tuzike kigogo."

Wazee wa ukoo ule walikuwa na desturi hiyo: mtu aliyepotea asionekane, kinakatwa kigogo cha mgomba, kinavishwa nguo yake, kinalala mahali pa mwili, na kilio kinapata mwisho. Katekista, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kasikisi, pombe ya ndizi, alisema padri hapana bariki ndizi. Baba mkubwa akamjibu, "Abariki batu benye watakuwa wamesimama hapo. Hao ni batu, ama?" Mzee Mbusa akasema kwamba kama ni lazima, mwanawe atazikwa na endara yake, na upande wake utapigwa, na mtu wa kuupiga anajulikana.

Mama Masika alikuwa amesikia pia. Kabla sijainuka alikuwa ndani ya chumba changu, mikono imejaa unga. "Kakule. Pale ni nafasi ya mutu. Ukikaa pale, njo umemuua." Akatoka. Mzee alipokuja kuniuliza, nikamwambia, mzee wangu, mgongo. Ulikuwa umeshanisaidia mara moja. Nilimwona akiutazama ule mpira kiunoni mwangu kama anayetazama noti na kutaka kuiinua kwenye mwanga.

Na hapa nitasema jambo ambalo sikumwambia mwalimu wa Kasai. Siku walipokuwa wote sokoni nilijikokota hadi uani, nikatandika mbao juu ya vigogo vya mazoezi, nikachuchumaa upande wangu. Nilitaka kujua kama bado mimi ni mpigaji. Nilikimbia mara tatu. Mara ya tatu nilianguka juu ya mbao, nikakaa pale mdomo kwenye vumbi, nikihesabu mpaka pumzi irudi. Nilipoweza kusogea nilitafuta ukuta wa kuegemea, na ukuta wa jiko ulikuwa upande wa pili, ule wa Kasereka. Nikakaa. Mguu nikaunyoosha, vijiti vikawa mkononi, na mbele yangu zilikuwa mbao nne zisizotaka kiuno. Nikapiga. Mgongo ukanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu Vuhovi, kiazi kimoja kikapita, viwili, vitatu, na mgongo haukusema neno. Niliogopa sana. Kati ya mahali pote duniani, mwili wangu ulikuwa umechagua pale. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa, kila Mama Masika aliposhika jembe na kutoka. Nilijiambia ni mazoezi ya mgongo. Mimi ni muuzaji. Najua jinsi ya kuita kitu jina linalouzika.

Siku ya kuzika, baba mkubwa alikata asubuhi vigogo vitatu vya urefu mmoja. Viwili vya endara, kimoja cha Kasereka, na hicho akakivisha shati lake la bluu. Vikalazwa uani. Wanaume wakaenda nyuma ya nyumba kumaliza shimo. Waliporudi, shati lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kizingiti, na vigogo vitatu vimelala sambamba, uchi, na Mama Masika amesimama kando yake.

"Mutoto yangu ni gani hapa? Munionyeshe."

Nilikuwa nimetoka, nimeshika ukuta. Nilihesabu: vitatu. Nikahesabu tena: vitatu. Kuhesabu mara mbili hakujawahi kunisaidia kidogo kama siku ile. Baba mkubwa akasema atakata kingine. "Kata," Mama Masika akasema. "Na hicho nitasema ni yeye. Nitasema yote ni yeye. Mutazika shamba muzima." Mzee Mbusa aliketi juu ya tofali, akashika kichwa. Jirani mmoja akaanza kulia, akanyamazishwa. Kisha nikaona wananitazama, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanavyomtazama mbishani wao soko likikwama.

Nikamsogelea. "Mama, utupatie moja."

"Kwa bei gani?"

Sikuwa na bei. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikamwambia lile nililokuwa nalo. "Mama, ni miye ningeenda Mangina. Ni mugongo..."

"Ninajuwa. Hauna mulango, Kakule." Alisema polepole, unga ungali kwenye kucha zake. "Ile asubui ulikuwa unaimba. Ulimwambia uko na mugongo, akatoka, ukaimba."

Nilitaka kusema kwamba mtu anaweza kuimba huku anaumwa. Nilitaka kusema kwamba sikumbuki. Vyote viwili vilikuwa kweli na vyote viwili vilikuwa vibaya. Yeye ndiye aliyesema, akiitazama mikono yake: "Miye pia ninaimbaka nikilima, na mugongo inanipasuka. Sijuwi. Weye pia haujuwi. Kaa pale. Piga yake. Nikisikia ni yeye, nitaonyesha."

Walisukuma vigogo viwili hadi ukutani, cha tatu kikabaki kando. Wakapanga mbao. Ile kubwa iliyopasuka waliiweka na ufa wake, kwa kuwa nyingine haikuwahi kufika. Nikaketi, mguu nikaunyoosha, mbele ya watu wote. Upande wangu wa zamani hakukuwa na mtu. Upande mzito ukipigwa peke yake ni kama kumsikiliza mtu anayeongea kwenye simu. Unangoja jibu na jibu halikufikii. Nilipiga vizuri. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Nilifika mwisho, nikarudi mwanzo.

"Hapana," akasema. "Huyo ni weye. Weye unahesabu."

Nikasimamisha vijiti.

"Yeye anachelewaka ku ile mbao ya tatu. Kila mara. Baba yake alimufokeaka juu ya hiyo."

Mzee Mbusa alisema, bila kuinua kichwa, "Njo kweli. Anachelewaka."

Miaka minne nilikuwa nimekaa mbele ya Kasereka na sikujua. Nilikuwa nakimbia kwenye mbao zangu na kufika pale kwenye pengo lake na kulijaza, nikidhani ndivyo wimbo ulivyo. Nikapiga tena, na kwenye mbao ya tatu nikangoja. Ni muda mfupi mno, kama wa mtu anayetafuna samaki upesi asionekane. Kila kitu kikaanguka mahali pake. Mkono wangu haukuwa wangu. Nikapiga mara ya pili, nikangoja, na wanawake wakaanza kulia bila kunyamazishwa, na hata wakati huo mgongo haukuniuma, na sijausamehe.

Mama Masika akapiga magoti mbele yangu. Akakishika kigogo kilichokuwa karibu na goti langu, akakivuta. Mbao zikamwagika chini na kelele yote, kumi na sita, nami vijiti viko hewani. "Huyu," akasema. "Huyu amemubeba." Akalichukua shati akakivisha, akafunga vifungo vyote, hata cha shingo. Kisha akaomba kamba. Akaizungusha, akaiweka kwenye paji la uso kama anavyobeba kuni, akachuchumaa, akakipandisha mgongoni. Baba mkubwa akasogea kumsaidia. "Wacha. Huyu ninamubebaka peke yangu." Nikaweka mkono ukutani kuinuka na mimi. Aligeuza kichwa kidogo, kadiri kamba ilivyomruhusu.

"Weye bakia, Kakule. Kazi ya mugongo ni yangu leo. Weye piga."

Akasimama kwa mara moja. Walimfuata wote, na Mzee Mbusa wa mwisho, hadi ua ukawa mtupu. Mbao zilikuwa zimetawanyika juu ya udongo, na mbao iliyolala juu ya udongo haisemi. Inatoa sauti ya mlango unaogongwa na mtu anayejua hakuna mtu ndani. Nikazisogeza nne karibu na mguu wangu, nikazipanga kwa ukubwa. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili. Kwenye ya tatu nikachelewa.